Sura ya Saba: Nani Ataajiriwa Kuchunguza Kiha?

Kijana wa Kasulu au Kibondo akisema nyumbani kwamba anataka kuwa daktari au mwanasheria, ukoo mzima unamwelewa na pengine unachanga. Akisema anataka kuwa mwanaisimu, ataulizwa mawili: hiyo ni kazi gani, na mshahara wake unatoka wapi? Nayachukua maswali hayo kwa uzito, maana yanagusa lugha anayoizungumza muulizaji mwenyewe. Kiha kina wasemaji zaidi ya milioni moja na kinaweza kuwapa wachunguzi kazi kwa kizazi kizima. Lakini kazi zilizokwisha kufanyika juu yake zimelipiwa mbali na Buha, nchi ya Waha, na nyingine hazijaundwa hadi leo. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba zinaweza kuundwa, na kwamba nyanda za juu za Kigoma ndipo mahali pa kuanzia.

Nianze na swali la kwanza, kazi yenyewe ni ipi.

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walijikusanya wakatoa wimbo uitwao Leka Dutigite, na jina hilo likaenea nchi nzima midomoni mwa watu wasiojua Kiha hata kidogo. Mwanaisimu akilisikia, sikio lake linanasa kwenye silabi moja tu: du. Kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi katika Kiha ni tu-, kama kile tunachokitumia katika "tunakwenda". Kwa nini hapa kimekuwa du-? Weka vidole kooni utamke z kwa kuivuta, kisha s. Kwenye z koo linatetemeka, kwenye s limetulia. Sauti zinazotetemesha koo huitwa ghuna, zisizotetemesha ni sighuna. Katika Kiha, kiambishi chenye konsonanti sighuna kama t au k kikikutana na mzizi unaoanza na sighuna nyingine, konsonanti ya kiambishi inageuka kuwa ghuna. Mzizi wetu unaanza na t, basi tu- inakuwa du-.

Kanuni hiyo hiyo imo ndani ya jina la lugha. Wenyewe huiita Igiha, ilhali jirani zao huita zao Ikirundi na Ikinyarwanda. Kiambishi ni kimoja kote, ki-. Mbele ya h, ambayo ni sighuna, kinatamkwa gi-. Mbele ya r na ny kinabaki ki-. Mrundi naye husema ikintu akitaja kitu, lakini kitabu ni igitabo. Ukienda hadi miteremko ya Mlima Kenya utaikuta tena katika jina Gikuyu. Mama anayeuza maharage sokoni Kasulu hakufundishwa kanuni hii na mtu yeyote, na tangu asubuhi hadi anafunga gunia lake haikosei. Mwanaisimu huajiriwa kuyatoa mambo kama hayo kichwani mwa wasemaji na kuyaweka kwenye maandishi: sauti, maumbo ya maneno, muundo wa sentensi, maana, na jinsi lugha inavyobadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Halafu huwafundisha wengine namna ya kufanya hivyo.

Sasa mshahara. Kanuni niliyoieleza huitwa Kanuni ya Dahl, na historia yake inaonyesha vizuri fedha ilikaa wapi. Edmund Dahl alikuwa mmisionari wa Kimoravian aliyefanya kazi Unyamwezi, majirani wa mashariki wa Waha. Mwaka 1903 Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu huko Ujerumani, aliieleza kanuni hiyo kwa wasomi akaipa jina la Dahl. Mwaka 1909 Meinhof akawa profesa katika Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg, mojawapo ya ajira za mwanzo kabisa za kudumu duniani kwa mtu wa kusomea lugha za Afrika. Mmoja alisikiliza huku, mwingine akafundisha kule. Wasemaji wenyewe, waliotoa kila neno, hawakuwa kwenye orodha ya malipo ya chuo chochote. Mgawanyo huo wa kazi umedumu zaidi ya karne moja, na sehemu kubwa ya sura hii inahusu namna ya kuuvunja.

London nayo ilikuwa na mtu wake. Malcolm Guthrie, aliyekuwa mmisionari Kongo kabla ya kuingia chuo cha SOAS, alitoa uainishaji wake wa lugha za Kibantu mwaka 1948. Humo Kiha ni D66, ndani ya kundi moja na Kinyarwanda, Kirundi, Kifuliiru, Kishubi, Kihangaza na Kivinza. Baadaye wataalamu wa Tervuren, Ubelgiji, walizikusanya lugha za Maziwa Makuu katika kanda mpya ya J, ndiyo maana siku hizi utaona pameandikwa JD66.

Tazama kilichotokea pande mbili za mpaka. Mtu wa Manyovu na mtu wa ng'ambo, Burundi, huelewana bila mkalimani. Mmoja atasema leka, mwingine reka, na mazungumzo yanaendelea. Lakini Kirundi kilipata sarufi ya kitaalamu ya A. E. Meeussen mwaka 1959, iliyoandikwa Ubelgiji kwa Kifaransa, kisha kamusi kubwa ya Kirundi na Kifaransa ya F. M. Rodegem mwaka 1970. Kiha kilisubiri. Mwaka 1992 taasisi moja ya Tokyo ilichapisha orodha ya maneno ya Kiha iliyokusanywa na Hiroshi Nakagawa. Mwaka 2004 Lotta Harjula wa Finland akatoa kitabu chenye sarufi, matini na msamiati wa Kiha, kikachapishwa Köln, Ujerumani. Hivyo msomi wa Kasulu anayetaka kuiona sarufi ya lugha ya bibi yake anaagiza kitabu kilichoandikwa na Mfini, kwa Kiingereza, kikapigwa chapa Ujerumani. Sisemi hivi kwa kuwalaumu watu hawa. Walitoka mbali, wakasikiliza kwa makini, wakaacha kazi ambayo kila atakayefuata lazima aanzie hapo. Nawashukuru kwa dhati.

Tofauti kati ya Kirundi na Kiha haitokani na utajiri wa lugha yenyewe. Inatokana na dola. Kirundi ni lugha ya taifa zima, ya shule, mahakama na redio, na dola inayoitumia lugha huhitaji watu wa kuichunguza. Tanzania ilichagua Kiswahili, na Waha walikwisha kukichukua mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Vijana wa Kibondo na Kasulu walikwenda kwa wingi kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakarudi na Kiswahili vinywani. Uchaguzi ule umetuletea mengi mema. Ila ulikuwa na matokeo upande wa ajira: kazi za isimu nchini zilizaliwa ndani ya Kiswahili na kwa muda mrefu zilibaki humo.

Ukoo wa taasisi zetu unaonyesha hivyo. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, ikahamia Makerere mwaka 1952, Mombasa mwaka 1962, hatimaye Dar es Salaam mwaka 1964. Mwaka 1970 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, na mwaka 2009 TUKI na Idara ya Kiswahili zikaunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Kando yake, pale Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo idara inayofundisha lugha za kigeni na isimu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kilifungua nafasi nyingine nyingi, na vipo vyuo vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa, SUZA kule Zanzibar, Chuo Kikuu Huria, na vyuo vya madhehebu kama SAUT na Makumira. Ukisoma matangazo ya kazi ya vyuo hivi utaona kwamba kinachotafutwa mara nyingi ni mwalimu wa Kiswahili, au wa Kiingereza, au wa isimu kwa ujumla. Tangazo la kazi linalotaja Kiha sijaliona.

Ngazi zenyewe zinafahamika. Wa chini kabisa ni yule ambaye vyuoni wanamwita TA, mwenye shahada ya kwanza, anayeongoza semina na kusahihisha lundo la karatasi huku akitafuta nafasi ya kusoma shahada ya pili. Juu yake yupo mhadhiri msaidizi, kisha mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Kwa vyuo vya umma, mlango wa kwanza ni wa alama: GPA isiyopungua 3.8 kwa shahada ya kwanza, na 4.0 kwa shahada ya pili kwa anayeomba uhadhiri msaidizi. Maombi hupitia Sekretarieti ya Ajira. Ni mlango mwembamba, na kuna miaka ambayo hufungwa kabisa, kama mwaka 2016 serikali iliposimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Mwanafunzi anayepata 3.7 mwaka wa tatu anaweza kuwa na sikio zuri kuliko darasa zima, na mlango huo haumwoni. Hapo naona kasoro ambayo vyuo vyetu vinapaswa kuirekebisha. Kuhojiana na mzee kwa Kiha chake na kuinasa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ni ujuzi, na haujitokezi kwenye GPA.

Akishaajiriwa, mhadhiri anatakiwa kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Kwa maneno hayo kazi inasikika yenye uwiano mzuri. Uhalisia ni kwamba ufundishaji unakula muda mwingi mno. Kozi ya utangulizi wa isimu huchukuliwa na wanafunzi kwa mamia, wengi wao walimu watarajiwa, na mitihani yao husahihishwa kwa mkono. Kupanda cheo kunategemea machapisho, na machapisho yanadai safari za uwandani, na safari zinadai fedha ambayo idara haina. Ndipo watu wanapoandika juu ya Kiswahili cha magazetini, kwa kuwa gazeti linapatikana kibandani. Simlaumu mtu. Natamani tu mwenye kupanga bajeti ajue kwamba nauli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kibondo, posho ya wiki sita na kinasa sauti kimoja kizuri ndivyo vinavyotenganisha Kiha kilichoandikwa na Kiha kisichoandikwa.

Kuna wakati fedha zilikuja, na tuliona matokeo. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Mradi wa Lugha za Tanzania kwa msaada wa Sweden. Mwaka 2009 ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyoorodhesha lugha zipatazo 150, na pamoja nayo mfululizo wa sarufi na misamiati. Josephat Rugemalira aliandika sarufi ya Kinyambo. Henry Muzale akatoa kamusi ya Kihaya. Kulikoyela Kahigi, aliyekuja kuwa mbunge wa Bukombe, akatoa msamiati wa Kisumbwa, lugha ya majirani wa Kibondo upande wa mashariki. Naona mpangilio hapo ambao haukutokea kwa bahati: lugha iliyokuwa na mtu wake ndani ya idara, mwenye ajira ya kudumu na anayeirudia likizo hadi likizo, ilipata kitabu. Fedha za mradi zina mwisho, ilhali mwenye ajira anabaki, anasimamia tasnifu, na wanafunzi wake wanaendelea pale alipoishia. Tasnifu kuhusu Kiha zimeandikwa katika vyuo vyetu, na nyingi zimelala rafuni kwa kukosa mtu wa kuzikusanya na kuzigeuza kuwa sarufi moja ambayo mwalimu wa Kabanga, wilayani Kasulu, anaweza kuisoma.

Mbona wafadhili wa dunia wasikisaidie Kiha? Jibu linashangaza. Mifuko inayolipia uandishi wa lugha, kama ule unaoitwa ELDP, ilianzishwa kwa ajili ya lugha zilizo hatarini kutoweka, na ni haki iwe hivyo; lugha yenye wazee kumi haiwezi kusubiri. Lugha kubwa nazo zina serikali, wachapishaji na siku hizi kampuni za kompyuta. Kiha kina watoto wanaokizungumza kila siku njiani kwenda shule, hivyo hakihesabiwi kuwa mgonjwa. Hakina pia wizara. Lugha za kimo hiki cha kati, Kiha, Kigogo, Kinyaturu, Kihehe, ndizo zinazoanguka katikati ya viti viwili, na ndizo lugha za mamilioni ya Watanzania. Herman Batibo, Mtanzania aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Botswana, alionyesha katika kitabu chake cha 2005 juu ya kufa kwa lugha za Afrika kwamba mara nyingi lugha inayozibana lugha ndogo ni ya Kiafrika; kwa Tanzania ni Kiswahili chenyewe. Kubanwa huko hakuui lugha kwa siku moja. Huanza na maneno ya ufugaji, ya mimea ya dawa, ya ushirikiano wa kilimo, kisha hesabu, kisha methali. Siku mfadhili atakapokubali kwamba sasa Kiha ni mgonjwa, wenye maneno hayo watakuwa wamekwisha kufariki.

Uwandani kazi ina sura nyingine kabisa, na afadhali kijana aijue kabla hajaichagua. Unaanza na barua. Chuo kinakuandikia barua kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye anakupeleka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Mtafiti kutoka nje ya nchi hupitia kwanza Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Usikasirishwe na mlolongo huu. Kila meza unayopita ni mtu ambaye kesho atakuambia nani kijijini anasimulia vizuri. Msimu nao una sheria yake. Nyanda za juu za Kigoma hupata mvua kuanzia Oktoba hadi Mei, na mvua juu ya bati huzima rekodi yoyote. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya mwanaisimu: mazao yamevunwa, watu wana nafasi, na baridi ya asubuhi inawaweka wazee nje kwenye jua.

Unakaa na bibi mmoja, jina lake limo kwenye daftari ila halitachapwa asipotaka. Unamwomba aseme neno, tuseme la ng'ombe, peke yake. Unamwomba tena aliseme baada ya kitenzi, kisha kwenye sentensi ya kukanusha, kisha na kivumishi nyuma yake. Atakushangaa. "Mwanangu, si nimekwisha kukuambia?" Amekwisha, ila Kiha ni lugha ya toni, na neno likisemwa peke yake linaweza kuficha toni itakayojitokeza likipewa jirani. Katika lugha nyingi za Kibantu, toni mbili za juu zikifuatana, ya pili hushuka. Wanaisimu huiita Kanuni ya Meeussen, kwa jina la yule yule aliyeandika sarufi ya Kirundi. Ili kujua kama na kwa kiasi gani mambo hayo yanatokea Heru, Muhambwe na Buyungu, himaya za zamani ambazo watu wake hutambuana kwa matamshi hadi leo, huna njia ya mkato. Unauliza, unarekodi, unarudia. Jioni unachaji betri, unahamisha mafaili, unaandika nani kasema nini, wapi, tarehe gani. Kisha inakuja kazi ndefu zaidi: saa moja ya masimulizi inaweza kudai makumi ya saa za kuandika matamshi, kugawa viambishi na kutafsiri, ukitumia programu kama Praat na ELAN, ambazo hupatikana bure. Anayependa kazi ya haraka hapa si mahali pake.

Jambo moja nalishikilia kwa nguvu: nakala ya rekodi irudi kijijini. Flashi yenye sauti ya bibi ikae kwa wajukuu zake na nyingine kwenye ofisi ya kata.

Sasa niingie kwenye kazi ya lugha ambayo watu wa Kasulu na Kibondo wameifanya kwa miaka karibu thelathini, bila watu wengi kuiita isimu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Mwaka 2015 Warundi walikuja kwa wingi, na Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Ndani ya uzio mmoja ukakusanyika Kibembe, Kifuliiru, Kiswahili cha Kongo, Kirundi na Kifaransa, na nje yake Kiha. Mashirika yalihitaji wakalimani wa kliniki, wa usajili, wa mahojiano ya hifadhi. Vijana wa Kiha waliajiriwa kwa kuwa walimwelewa Mrundi, na wengi wao walifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa bila kufundishwa ukalimani.

Lakini kuelewana kwa jumla hakutoshi mtu anapoeleza jeraha, tarehe au jina la kilima alichokimbia. Lugha mbili zilizo jirani sana ndizo zenye mitego mingi, kwa sababu masikio yote mawili yanaamini yameelewa. Mwanaisimu anayejua kwa hakika wapi Kiha na Kirundi vinaachana angeandika kitabu kidogo cha mwongozo wa wakalimani, na kingeokoa watu. Sijui kazi ya isimu yenye manufaa ya karibu zaidi kuliko hiyo.

Kuna upande mzito kuliko huo. Kuanzia miaka ya 1990 nchi kadhaa za Ulaya zimekuwa zikichunguza usemi wa waomba hifadhi ili kubaini wametoka wapi. Juni 2004 kundi la wanaisimu wa mataifa mbalimbali lilitoa mwongozo uliosema wazi kwamba lugha inaweza kuonyesha mtu alikulia katika jamii gani, ila haiwezi kuthibitisha uraia wake, na kwamba uchunguzi huo ufanywe na wanaisimu waliohitimu. Hilo ni soko la kazi, na linadai maadili. Nasi tuna sababu ya kulisoma tukiwa hapa hapa. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, swali la nani ni Muha na nani ni Mrundi lilikuwa la moto vijijini. Mpaka ulichorwa na wakoloni juu ya lugha zilizokuwa zinatiririka moja hadi nyingine. Anayetamka r badala ya l anaweza kuwa amezaliwa Manyovu, au ana mama wa Burundi, au ameoa huko. Ushahidi wa kitaalamu wa lahaja za mpaka huu ungempa afisa wa uhamiaji sababu ya kutomhukumu mtu kwa matamshi yake. Hatuna ushahidi huo kwa kiasi cha kutosha kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kulipwa kukaa vijiji vya mpakani miaka mitatu akiukusanya.

Basi mtu huyo akae wapi? Mimi naona vyuo vya ualimu. Kasulu ina viwili vya serikali, Kasulu na Kabanga, vyenye wakufunzi wa Kiswahili wenye shahada za isimu wanaokaa mwaka mzima katikati ya wasemaji. Mkufunzi wa Kabanga akitoka darasani jioni, maabara yake iko ng'ambo ya barabara. Profesa wa Mlimani huilipia nauli ya siku mbili. Makubaliano ya kawaida kati ya idara ya chuo kikuu na chuo cha ualimu yangetosha kuanza: mkufunzi apunguziwe vipindi, asajiliwe uzamili au uzamivu, na walimu wanafunzi wake wafundishwe kurekodi na kuandika. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inatambua lugha za jamii na kuhimiza ziandikiwe kamusi na sarufi, hivyo hakuna anayevunja utaratibu. Na faida inaingia darasani moja kwa moja. Mtoto wa kijijini Kibondo anaanza darasa la kwanza akiwa na Kiha, anafundishwa kusoma kwa Kiswahili. Mwalimu anayejua mfumo wa sauti za Kiha anajua kosa lipi ni la kutojua kusoma na lipi ni la lugha ya kwanza, na hamchapi mtoto kwa hilo la pili.

Kwa kijana ambaye hataki kusubiri makubaliano hayo, njia ipo, ingawa ina vituo. Kidato cha tano wengi huchukua HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nayo inafaa. Mwenye nafasi ya KLF (Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa) aichukue kwa mikono miwili, kwa sababu Kifaransa chake ndicho kitakachomfungulia Meeussen, Rodegem na karibu maktaba yote ya Kirundi, na bila Kirundi huwezi kukieleza Kiha. Chuoni achague isimu yenyewe, au ualimu wenye kozi nyingi za isimu ili awe na kazi ya kurudi nayo ajira ya chuo ikichelewa. Azilinde alama zake tangu muhula wa kwanza; wengi hushtuka mwaka wa tatu, wakati zimekwisha kukaa. Aombe nafasi za mwaka mmoja za kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kupitia Fulbright, ambazo Watanzania wengi wamezipata, na afadhili za DAAD kwa masomo ya juu hapa nyumbani.

Na asingoje kuajiriwa ndipo aanze kusikiliza. Simu aliyonayo ikiwekwa kwenye meza, mbali na redio na jiko, inarekodi vya kutosha kwa masimulizi. Aanze na ndugu wa Heru na wa Muhambwe wakisimulia jambo lile lile, kwa mfano jinsi harusi ilivyopangwa zamani, aandike kila faili jina la kijiji, umri wa msemaji na tarehe, aombe ruhusa na kuirekodi hiyo ruhusa. Mwaka wa tatu atakapotakiwa kuchagua mada ya utafiti mdogo, wenzake watakuwa wanagombania vichwa vya habari vya magazeti, naye atakuwa na saa ishirini za Kiha cha wilaya mbili ambazo anaweza kuanza kuzinukuu jioni hiyo hiyo.